Wilaya Iwe na Sauti Juu ya Mbegu: Neno Letu kwa Wafanyakazi wa Arua na Koboko



Katika mikutano ya matawi yetu swali moja limekuwa likirudi. Je, sisi watu wa Arua na Koboko tunaweza kuzikataa mbegu za GMO zisiingie katika mashamba yetu? Na kama tunaweza, ni kwa sheria gani? Wako wanaosema kwamba mkubwa mmoja akitamka tu, mambo yamekwisha. Wako wanaosema hatuwezi lolote, maana mambo haya huamuliwa Kampala na ng'ambo. Sisi tunasema pande zote mbili zimekosea. Njia za kisheria zipo, lakini si zote zina nguvu sawa. Tukishika njia dhaifu tutapiga kelele mwaka mzima na kushindwa siku moja mahakamani. Kwa hiyo tuzipime moja moja.

Kwanza, jambo hili linamhusu nini mfanyakazi? Wengine watauliza kwa nini chama cha wafanyakazi kinaacha mishahara na kuzungumza mihogo.

Tunajibu hivi. Kazi ya kiwanda ina siku zake. Msimu ukiisha, au tajiri akisema hakuna soko, mfanyakazi hupewa barua na kurudi kwao. Tangu wakati wa Mwingereza watu wa West Nile wamekwenda kukata miwa Kakira na Lugazi, na wengine wako Kinyara. Anayefukuzwa huko hapokelewi na benki. Hupokelewa na shamba la mihogo, mtama, simsim na karanga ambalo mama na dada zake wamelitunza. Shamba hilo ni akiba yake ya uzee. Anayetawala mbegu za shamba hilo anatawala akiba yetu.

Pili, palizi ni kazi. Katika mashamba makubwa vibarua wengi, hasa akina mama, hulipwa kwa kupalilia. Ziko aina za GMO zilizotengenezwa ili zivumilie dawa ya kuua magugu. Shamba lote hupigwa dawa, magugu yanakufa, mmea unabaki. Hapo vibarua ishirini wanaondoka na anabaki mmoja mwenye bomba mgongoni. Na huyo mmoja ndiye anayevuta dawa. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka dawa ya glyphosate katika kundi la vitu vinavyoelekea kuleta saratani kwa binadamu. Wakaguzi wa Marekani na wa Ulaya hawakukubaliana nao. Wakati wataalamu wanabishana, mapafu yanayojaribiwa ni ya kibarua.

Tatu, kiwanda hula kile ambacho shamba limetoa. Burkina Faso walianza kulima pamba ya GMO kwa biashara mwaka 2008. Wadudu walipungua kweli, na mkulima alipiga dawa mara chache. Lakini nyuzi zikawa fupi, na pamba yao iliyokuwa na sifa katika soko ikashuka bei. Kuanzia mwaka 2016 makampuni ya pamba ya nchi hiyo yakaiacha, yakarudi kwenye pamba ya kawaida na kudai fidia. Mwenye kazi katika kiwanda cha kuchambua pamba aelewe maana yake.

Hatupendi kusema uongo ili tupate wafuasi. Mbegu ya GMO ni mbegu ambayo vinasaba vyake vimebadilishwa katika maabara. Vyakula vya aina hiyo vilivyopimwa na kuruhusiwa vimeliwa miaka mingi katika nchi nyingine, na mashirika makubwa ya sayansi hayajaona kwamba vinaua watu. Wanasayansi wa Uganda nao si adui zetu. Huko Kawanda wamefanya kazi juu ya ndizi tangu majaribio ya mwaka 2007, na Namulonge wametafuta mihogo inayostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Mihogo yetu ilipoliwa na ugonjwa wa batobato katika miaka ya 1990, ni watafiti wa Namulonge waliotoa aina za NASE ambazo zilirudisha chakula nyumbani. Aina hizo zilipatikana kwa kuchanganya mbegu kwa njia ya kawaida, na mkulima aliruhusiwa kumpa jirani yake vijiti bila kuulizwa na mtu. Hapo ndipo penye shauri letu. Tunauliza nani anaamua, nani ni mwenye mbegu, na nani atalipa mambo yakiharibika.

Sasa tuitazame sheria.

Uganda iliidhinisha Itifaki ya Cartagena mwaka 2001. Huo ni mkataba wa mataifa juu ya usalama wa viumbe vilivyobadilishwa, na kifungu chake cha 26 kinairuhusu nchi, inapoamua kuhusu kuingiza viumbe hivyo, kufikiria pia hali ya maisha na uchumi wa watu wake. Mswada wa sheria ya ndani uliletwa mwaka 2012. Bunge liliupitisha Oktoba 2017. Rais Museveni aliurudisha Desemba mwaka huo, akiuliza juu ya haki za wakulima waliotunza mbegu za asili, na akitaka mbegu za GMO zisichanganywe ovyo na mbegu zetu. Bunge likautengeneza upya na kuupitisha tena Novemba 2018, safari hii likiwa limeweka kwamba mwenye mbegu atawajibika kwa hasara. Mwaka 2019 ukarudishwa mara ya pili. Bunge la 10 likamaliza muda wake mwaka 2021 bila mswada huo kuwa sheria.

Wengine walishangilia. Sisi hatukushangilia sana. Mswada uliorudishwa ni mlango uliosukumwa tu, haujafungwa kwa kufuli. Siku yoyote unaweza kuletwa mwingine, na huenda ukawa hauna hata neno moja juu ya hasara ya mkulima.

Tuwatazame majirani. Kenya ilikuwa na sheria tangu mwaka 2009. Novemba 2012 Baraza la Mawaziri likapiga marufuku vyakula vya GMO kutoka nje. Watu wakadhani jambo limekwisha. Tarehe 3 Oktoba 2022 Baraza la Mawaziri likaondoa marufuku hiyo. Kilichofungwa kwa tamko kilifunguliwa kwa tamko. Wakulima na wanasheria wakakimbilia mahakamani. Mahakama ya Ardhi na Mazingira ikawakatalia mwaka 2023, Mahakama Kuu ikawakatalia Novemba 2024, na Machi 2025 Mahakama ya Rufani ikasimamisha uingizaji na ulimaji wakati rufani inangojwa. Miaka zaidi ya miwili ya kupanda na kushuka ngazi za mahakama, na gharama zake.

Tanzania waliweka kanuni za usalama mwaka 2009, na majaribio ya mahindi yakaanza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016. Novemba 2018 wizara iliagiza majaribio yasimamishwe na mabaki yaharibiwe. Januari 2021 waziri akatangaza tena kuyasimamisha. Agizo la waziri lina nguvu siku linapotolewa, lakini waziri hubadilishwa. Mfanyakazi anajua jambo hili kuliko mtu mwingine: ahadi ya meneja isiyoandikwa katika mkataba huondoka pamoja na meneja.

Basi, je, wilaya yetu inaweza kujifungia yenyewe? Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inalipa baraza la wilaya mamlaka ya kutunga sheria ya wilaya, na mabaraza ya chini, kama gombolola, kutunga sheria ndogo. Lakini sheria hiyo hiyo inasema kwamba sheria ya wilaya isipingane na Katiba wala na sheria ya Bunge, na lazima ipite kwa Waziri na kuthibitishwa na Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Faini ambayo wilaya inaruhusiwa kuitoza nayo ni ndogo. Mfanyabiashara mwenye lori la mbegu hataogopa.

Watu wengine wamekwisha kuijaribu njia hii, na tunaweza kujifunza kwao. Katika Hawaii, huko Marekani, kaunti tatu zilitunga sheria zao kuzuia au kubana kilimo cha GMO. Novemba 2016 mahakama ya rufani iliamua kwamba kaunti hazikuwa na mamlaka hayo, maana jimbo lilikuwa limekwisha kushika mambo hayo mikononi mwake. Kura za wananchi zikawa karatasi tu. Lakini katika kaunti ya Jackson, jimbo la Oregon, wananchi walipiga kura Mei 2014 kukataza kilimo cha GMO, na mwaka 2015 mahakama ikakataa kuitengua sheria yao. Tofauti ilikuwa nini? Jimbo la Oregon lilipotunga sheria ya kuzinyang'anya kaunti mamlaka juu ya mbegu, liliiacha Jackson nje kwa maandishi, kwa kuwa kura yake ilikuwa imekwisha kupangwa. Mlango ulikuwa umeachwa wazi katika sheria ya juu.

Hili ndilo funzo kubwa, na tunaomba kila tawi lilijadili: wilaya haiwezi kushinda kama sheria ya juu haikuipa nafasi. Kwa hiyo vita vya Arua na Koboko vitashindwa au kushinda ndani ya Bunge, katika kifungu kimoja cha sheria itakayokuja.

Kifungu hicho kiseme nini? Australia wana mfano. Sheria yao ya taifa ya mwaka 2000 inaruhusu majimbo kutenga maeneo bila GMO kwa sababu za soko. Usalama unapimwa na taifa, lakini jimbo linaweza kusema kwamba biashara yake inataka mazao ya kawaida. Tasmania imetumia nafasi hiyo kwa miaka mingi. Australia Kusini ilipoondoa zuio lake mwaka 2020, Kisiwa cha Kangaroo kilibakizwa. Umoja wa Ulaya nao ulitoa amri mwaka 2015 kwamba nchi, au sehemu ya nchi, inaweza kukataza kilimo hicho kwa sababu za matumizi ya ardhi au za maisha na uchumi wa watu. Mwaka huo huo nchi 17 na mikoa 4 ikatumia ruhusa hiyo.

Hata sisi tuna sababu ya soko. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kilichotolewa mwaka 2007, hakikubali GMO. Anayetaka kuuza simsim au asali chini ya alama hiyo hawezi kusema kwamba hajui nini kimepandwa ng'ambo ya kijito.

Wako watakaosema: kila mkulima achague mwenyewe, anayetaka apande, asiyetaka aache. Maneno hayo ni matamu, lakini waje wapime mashamba yetu. Mahindi husafiri kwa upepo. Wanaotoa mbegu safi ya mahindi hutenga shamba lao na la jirani kwa mita 200 hivi. Kwetu mashamba ni ya eka moja au mbili, yanagusana kama vyumba vya kota. Mita 200 zinapita juu ya majirani wangapi? Mtama nao una ndugu zake wa porini hapa hapa Afrika, na huchanganyika nao. Mihogo haisafiri kwa upepo kama mahindi, lakini vijiti vyake husafiri juu ya baiskeli, kutoka kwa shemeji hadi kwa shemeji. Katika hali hiyo jirani mmoja akichagua amewachagulia wote. Ndiyo maana tunasema uamuzi uwe wa eneo zima, na wenye eneo waulizwe.

Wako pia wanaosema: ngojeni, mkipata hasara mtashtaki. Huko Australia Magharibi mkulima mmoja wa kilimo hai alimshtaki jirani yake, baada ya mimea ya GMO kupeperushwa na upepo hadi shambani kwake na yeye kupoteza cheti cha sehemu kubwa ya shamba lake. Mwaka 2014 alishindwa. Mahakama ilisema jirani alivuna kwa njia ya kawaida na hakuvunja wajibu wowote. Rufani yake nayo ilishindwa. Huyo alikuwa na mawakili. Mama wa Koboko mwenye eka moja atamshtaki nani, na kwa nauli gani?

Kwa sababu hiyo lazima sheria iseme kwamba mwenye kutengeneza au kuleta mbegu hiyo atalipa hasara, hata kama mkulima hakuthibitisha uzembe. Wafanyakazi tunaijua kanuni hii. Mtu akikatwa kidole na mashine kazini, sheria ya fidia haimwambii kwanza athibitishe kwamba tajiri alikuwa mzembe. Aliyeleta mashine na kupata faida yake ndiye anayebeba hatari yake. Mbegu nayo iwe hivyo.

Kuna jambo jingine ambalo Kampala hawalioni vizuri kama sisi. Koboko imepakana na Kongo na Sudan Kusini. Mtu hununua mbegu Ariwara asubuhi na kuipanda Uganda jioni. Tena tunakaa na ndugu zetu wakimbizi, Lobule, Rhino Camp na Imvepi, na chakula cha msaada huja kwa magunia. Punje ya mahindi ni chakula na ni mbegu pia. Zambia mwaka 2002 ilikataa msaada wa mahindi ya GMO, na nchi jirani zake zilitaka yasagwe kwanza ndipo yagawiwe. Kusaga ni njia rahisi ambayo haimnyimi mtu chakula. Sheria inayotazama maabara na kusahau soko la mpakani ni nyumba yenye mlango wa chuma na ukuta wa nyasi.

Basi tunadai nini? Katika mswada wowote utakaoletwa, tunataka mambo manne. La kwanza, baraza la wilaya au la jiji lipewe mamlaka kwa maandishi kutenga eneo lake, baada ya wananchi kusikilizwa gombolola kwa gombolola. La pili, mwenye mbegu alipe hasara bila mkulima kuthibitisha uzembe. La tatu, mkulima asishtakiwe kwa kukutwa na mbegu iliyoletwa na upepo au na jirani, na haki yake ya kutunza na kugawa mbegu zake isiguswe. La nne, gunia la mbegu liwe na maandishi yanayosomeka, na nafaka ya msaada iliyo ya GMO isagwe kabla ya kugawiwa.

Na wakati tunangoja tusikae kimya. Katiba, kifungu cha 78, inawapa wafanyakazi wabunge wao, na idadi yao imekuwa watano. Hao ni wetu. Kila tawi liandike azimio lake na kuwapelekea, na nakala iende kwa wabunge wa Arua na Koboko. Mbunge ana haki ya kuleta mswada wake binafsi, na kamati za Bunge zinaweza kupokea maandishi ya wananchi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inamruhusu kila raia kuiuliza ofisi ya serikali, nayo hujibu katika siku 21. Tuulize kwa barua kama kuna jaribio lolote limepangwa katika eneo letu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinaruhusu hata chama kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za watu wengine, na kifungu cha 39 kinatupa haki ya mazingira safi na yenye afya. Mahakama iwe silaha ya mwisho, lakini tuitunze isishike kutu.

Wilaya nazo zisijifiche. Zinaweza leo kutunga sheria za wilaya ambazo hazipingani na lolote: muuza mbegu awe na kibali na daftari la mahali mbegu ilikotoka, na vijiti vya mihogo vikaguliwe kabla ya kusafirishwa kwa wingi. Daftari hilo la muuza mbegu ni dogo, lakini siku ya kesi ndilo litakalokuwa shahidi.

Na katika mashamba makubwa, viongozi wa matawi waweke katika mkataba wa pamoja kwamba tajiri asibadilishe mbegu au dawa ya magugu kabla ya kuzungumza na chama juu ya kazi za palizi zitakazopotea. Glavu, gambuti na kinga ya mdomo zitolewe bure, kama Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inavyotaka. Hilo halihitaji Rais kutia sahihi. Linahitaji umoja wetu tu.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu ni kifungu kimoja ambacho hakijaandikwa. Tukingoja mpaka mbegu iwe shambani, hakuna mahakama itakayoiokota punje kwa punje. Tawi ambalo halijajadili jambo hili lilijadili katika mkutano wake ujao, liandike azimio, na katibu wa tawi alilete ofisini likiwa na majina na sahihi za wanachama.

Umoja ni nguvu.